Kulala mchana kweupe Lubumbashi: mwongozo kamili kwa wa posti ya usiku

Septemba na Oktoba ndiyo miezi migumu kwa mtu wa posti ya usiku, yaani zamu ya usiku, hapa Lubumbashi. Mvua bado, anga halina wingu, na katikati ya Oktoba jua linachomoza saa 05:45 hivi. Mtu anatoka kiwandani, hospitalini au kwenye lindo lake saa 06:00 na mwanga umekwisha kuenea. Anafika nyumbani hoi, anajitupa kitandani, na saa 11:00 macho yako wazi, shuka limelowa jasho. Anasingizia mawazo. Mara nyingi si mawazo: ni mwanga, bati na kelele. Pia ni kosa la kutaka usingizi wa saa nane mfululizo katika msimu usioukubali.

Kazi ya usiku si jambo geni mjini hapa. Tanuru la shaba lilianza kutoa shaba mwaka 1911, na tanuru halizimwi ili watu wakalale. Lakini nyumba tunazokaa hazikujengwa kwa mtu anayelala mchana, kwa hiyo chumba lazima kirekebishwe kwa mikono.

Saa zote humu zimeandikwa kama zinavyosomeka kwenye simu: 06:00 ni asubuhi, 18:00 ni magharibi.

Kwa nini unaamka saa 11:00

Mwili una saa yake, na saa hiyo haijali umeandikwa posti gani. Joto la mwili hushuka hadi chini kabisa karibu saa 04:00 au 05:00 alfajiri, kisha hupanda mpaka jioni. Unapolala saa 07:30, unalala huku mwili ukipanda kuelekea kuamka. Saa nne za kwanza unazipata kwa sababu umekesha na deni la usingizi ni kubwa. Deni likipungua, saa ya mwili inashinda. Na wakati huohuo mabati juu ya kichwa chako yanaingia katika kipindi chake kikali: katikati ya mchana wa Oktoba jua linapita karibu wima juu ya mji, na tarehe 23 au 24 linasimama utosini kabisa.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa posti ya 22:00 hadi 06:00 ni huu: katika miezi ya joto usishindane na mchana. Lala mara mbili.

Fungu la kwanza ni 07:30 hadi 12:00. Amka, oga, kula chakula kikubwa cha siku saa 13:00, fanya shughuli zako kivulini. Fungu la pili ni 18:30 hadi 20:30, jua likiwa limeshazama (Oktoba linazama kama saa 18:10) na hewa ya nje inapoa haraka, maana mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Jumla ni saa sita na nusu. Hiyo inamshinda anayejigaragaza kitandani kuanzia 07:30 hadi 15:30 na kupata saa nne za usingizi wa kweli.

Wa posti yenye urefu wa saa 12, anayeingia tena 18:00, hana nafasi ya fungu la jioni. Huyo hana budi kulala 07:15 hadi 13:30 na kuongeza dakika 20 kabla ya kufuata basi. Sehemu ya joto, hapa chini, inamhusu zaidi kuliko mtu yeyote.

Giza

Anza kwa kuchagua chumba, si kwa kununua pazia. Dirisha la mashariki ndilo baya kuliko yote: jua linapiga ndani kuanzia 06:00 hadi karibu 10:00, saa zilezile unazotaka kulala. Dirisha la magharibi huanza kusumbua baada ya 14:00, na wewe wa mafungu mawili umeshaamka. Madirisha ya kusini na kaskazini hayapati jua la moja kwa moja kwa wingi mwezi Oktoba, kwa sababu jua linapita juu ya paa. Kama watoto wanalala chumba cha kusini na wewe uko mashariki, badilishaneni mpaka mvua zianze.

Pazia la kitenge halitoshi, hata likiwa zito. Mwanga unapita juu yake, chini yake na pembeni. Kinachofanya kazi ni kizuizi kinachoingia ndani ya uwazi wa dirisha na kubana. Kwa dirisha la sentimita 100 kwa 120:

1. Pima uwazi wa ukuta upande wa ndani, juu, katikati na chini. Kuta za matofali mara nyingi hazilingani. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, kisha punguza sentimita 2, ili ibaki nafasi ya sentimita 1 kila upande.
2. Tengeneza fremu ya mbao nyembamba za sentimita 2 kwa 4, na moja ya kukatiza katikati. Mita 5.5 za mbao zinatosha.
3. Gongomea karto (karatasi ngumu ya maboksi), tabaka mbili. Ya pili ilale kinyume na ya kwanza, na maungio yasikutane, la sivyo mstari wa mwanga utapita palepale.
4. Upande unaotazama nje ubandike karatasi ya aluminiamu au upake rangi nyeupe. Upande wa ndani weka kitambaa cheusi.
5. Kata vipande vya sponji ya godoro kuukuu, unene wa sentimita 1.5, ubandike kuzunguka fremu yote. Sponji ndiyo inayoziba ile nafasi ya sentimita 1.
6. Weka vishikio viwili, na vipande vinne vya ubao vinavyozunguka kwenye msumari ili kuifunga isianguke.

Hatua ya nne ndiyo watu wanayoikosea. Wanachukua plastiki nyeusi na kuibandika moja kwa moja kwenye kioo. Giza linapatikana, lakini plastiki inameza jua, joto linakwama kati yake na kioo, na chumba kinakuwa tanuri. Kioo chenye ufa mdogo kinaweza hata kupasuka. Nyeusi iangalie ndani, nyeupe au inayong'aa iangalie jua.

Kama dirisha liko mashariki, ongeza kivuli cha nje: mkeka au bashi (turubai) nyeupe iliyotandazwa sentimita 15 kutoka ukutani, ikifungwa kwenye antivoli, zile chuma za kuzuia wezi dirishani, kama ziko nje. Jua likizuiwa kabla ya kugusa kioo, nusu ya kazi ya kupoza imeshafanyika.

Yamebaki matundu ya hewa juu ya ukuta, zile klostra. Hapo kuna kosa la pili: kuziziba. Mtu anayelala saa nne na nusu ndani ya chumba kilichofungwa kila upande ataamka na kichwa kizito. Hewa inajua kupinda, mwanga haujui. Tengeneza boksi la karto lenye kina cha sentimita 30, lifunike tundu zima, na ndani yake weka vibao viwili: cha kwanza kinatoka juu kikiacha uwazi wa sentimita 8 chini, cha pili kinatoka chini kikiacha uwazi huohuo juu. Paka ndani yote rangi nyeusi isiyong'aa, au masizi ya makala (makaa) yaliyochanganywa na gundi ya maji. Mwanga ukigonga mara mbili kwenye weusi unaisha, hewa inapita.

Mlango: kitambaa kilichoviringishwa na kujazwa mchanga, kiwekwe chini. Matundu ya misumari kwenye bati, kama hakuna plafo (dari), yazibe kwa lami kabla ya mvua; utashukuru mara mbili.

Kipimo cha giza ni rahisi. Saa 12:00 ingia, funga kila kitu, kaa dakika kumi macho yazoee. Nyosha mkono. Ukiweza kuhesabu vidole vyako, bado kuna pa kuziba, na kwa wakati huo kila tundu litajionyesha lenyewe. Mpangaji asiyeruhusiwa kugonga msumari atumie barakoa ya macho: kitambaa cheusi cha pamba tabaka tatu, sentimita 22 kwa 10, kikatwe nafasi ya pua, na kiwe na mkunjo mdogo juu ya kila jicho ili kope zisiguse. Mpira wa nyuma sentimita 35 hivi; ukibana sana utaivua usingizini bila kujua.

Onyo moja lisilo na mjadala. Chumba kilichozibwa namna hii kisiingizwe mbabula (jiko la makala) hata kwa dakika tano, hata kama makala yameshaonekana kuwa majivu. Moshi usioonekana wa makala hauna harufu na unaua mtu akiwa amelala. Jenereta nayo isiwekwe karibu na dirisha wala klostra, iwe yako au ya jirani.

Joto

Hewa ya alfajiri ya Oktoba hapa ni ya bure na ni baridi, digrii 16 au 17 hivi. Mchana inapanda hadi 32 au zaidi. Siri yote ni kuifungia ile ya alfajiri ndani. Mtu aliyebaki nyumbani afungue madirisha na mlango wa ndani wa chumba chako saa 04:30, nyavu za mbu zikiwa zimewekwa, na afunge kila kitu kabla ya 07:15. Wengi hufanya kinyume: usiku wanafunga kwa hofu ya wezi, saa 09:00 wanafungua "hewa iingie", na inayoingia ni moto. Dirisha lenye antivoli na wavu linaweza kubaki wazi alfajiri bila wasiwasi mkubwa.

Paa linafuata. Bati tupu chini ya jua la Oktoba linakuwa moto kiasi cha kuunguza kiganja, na joto hilo linashuka juu ya kitanda kama mtu aliyeshika mbabula darini. Plafo, hata ya tiripleksi (ubao wa plaiwudi) nyembamba, inasaidia sana mradi kuwe na nafasi ya hewa ya sentimita 20 au zaidi kati yake na bati na hewa hiyo iwe na pa kutokea pembeni. Asiye na uwezo wa plafo anaweza kushona mifuko ya unga pamoja na kuitandaza juu kwa waya. Haipendezi, inafanya kazi.

Rangi nyeupe ya nje juu ya bati ndiyo matumizi bora ya fedha kidogo. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina paa la mita za mraba 15 hivi; lita moja ya rangi ya maji hupaka mita 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo kwa mikono miwili nunua lita 4. Osha bati kwa brashi na sabuni, liache likauke, paka asubuhi mapema kabla halijashika moto. Ukipaka saa 11:00 rangi inakauka kabla ya kushika na itabanduka vipandevipande. Bati jipya linalong'aa halishiki rangi vizuri. Lisugue kwanza kwa siki, suuza. Chokaa tupu ni rahisi, lakini mvua za Novemba zinaiosha.

Feni na kitambaa kilicholowa: hii inafaa sana Septemba na Oktoba kwa sababu hewa ni kavu. Tundika kitenge cha pamba kilicholoweshwa, ncha yake ikiwa ndani ya beseni lenye lita 2 za maji, nusu mita mbele ya feni, na uhakikishe hewa ina pa kutokea kupitia ile klostra yenye boksi. Bila njia ya kutokea unyevu unajaa na unabaki unanata. Mvua zikianza, acha kabisa. Hewa ikiwa na unyevu maji hayakauki, na unachopata ni ukungu ukutani.

Kwa ajili ya delestaji, yaani mgawo wa umeme, feni ya betri inayochajiwa ni ya thamani kuliko feni kubwa ya umeme. Ichaji usiku ukiwa kazini, umeme ukiwepo.

Godoro la sponji linashika joto la mgongo. Weka mkeka juu yake chini ya shuka, au teremsha godoro lenyewe sakafuni. Sementi ya sakafu ndiyo sehemu baridi zaidi ya chumba. Chandarua kibaki hata mchana. Kitundike juu zaidi na kiwe cha pembe nne, si kile cha duara, hewa izunguke. Ukikifua, kianike kivulini, jua linaharibu dawa yake.

Kutoka kazini hadi kitandani

Kahawa ya mwisho isivuke 01:00. Nusu ya nguvu yake bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, na kwa wengine zaidi. Kikombe cha 04:00 kinakunyima usingizi wa 08:00 hata kama huhisi chochote. Vinywaji vya kuongeza nguvu vihesabiwe humohumo. Usingizi ukikuzidia 03:00 na una mapumziko, dakika 20 za kufumba macho zinafaa kuliko kikombe. Zisizidi hapo, maana ukiamshwa katikati ya usingizi mzito utakuwa goigoi kwa nusu saa, na kwenye mashine hilo ni hatari.

Kutoka getini vaa kofia yenye ukingo na miwani ya jua. Jua la asubuhi ndilo linaloiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza, na dakika 40 za njiani zinatosha kuharibu kazi yote ya giza la chumbani. Hii ni kwa anayebebwa. Anayeendesha gari au pikipiki mwenyewe asivae miwani myeusi akiwa na usingizi. Afadhali mwanga umsumbue kuliko asinzie barabara ya Likasi.

Ukifika, kula kidogo: uji, mkate na yai. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu) iliyojaa mawese ibaki kwa ajili ya 13:00. Oga maji ya vuguvugu, ndoo ya lita 10 inatosha. Maji baridi yanafurahisha lakini yanabana mishipa ya ngozi na kuzuia joto la ndani lisitoke; ya vuguvugu yanaifungua, na mwili unapoa wenyewe ukiwa umejilaza. Kunywa glasi moja ya maji, siyo chupa nzima.

Ukikaa macho dakika 20 bila usingizi, toka kitandani ukakae mahali penye giza. Usishike simu. Ukiamka 11:15 na usingizi umekwisha kabisa, usihangaike na hizo dakika 45, utazipata jioni.

Kelele na watu wa nyumbani

Kuna kelele za aina mbili: zile unazoweza kuzijadili na zile usizoweza. Mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea na spika za kanisa ni za kundi la pili, na dawa yake ni bushoni za masikio, zile za sponji zinazotolewa kazini. Wengi wanazitia vibaya kisha wanasema hazifai. Nawa mikono, viringisha bushoni kwa vidole mpaka iwe nyembamba kama kijiti, pitisha mkono mwingine juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, ingiza, kisha shikilia kwa kidole sekunde 30 mpaka ivimbe. Ikibaki nusu nje, haijaingia. Iliyochafuka itupwe. Ngurumo ya feni inasaidia juu ya hapo, kwa sababu kinachoamsha zaidi ni sauti ya ghafla ndani ya kimya.

Za kundi la kwanza zinahitaji mazungumzo, na yafanyike siku ya mapumziko, si asubuhi ukiwa na hasira. Mwombe mama watoto, shemeji au yeyote anayeendesha nyumba mambo machache yenye saa: kutwanga sombe baada ya 12:00; watoto wachezee upande wa pili wa lupango (uwanja wa nyumba); wageni waambiwe "amelala, urudi 13:00", bila aibu. Simu yako aishike mtu mzima mmoja mwenye ruhusa ya kukuamsha kwa msiba, ugonjwa au wito wa kazini, basi. Mtu akijua kuna anayelinda mlango, analala kwa uzito mwingine.

Siku za mapumziko

Baada ya usiku wa mwisho wa zamu lala 07:30 hadi 10:00 tu, vumilia mchana, lala 21:00. Kama utarudi usiku baada ya siku mbili, usigeuke kabisa kuwa mtu wa mchana: lala 02:00 hadi 09:00, uko katikati, na kurudi hakutakuumiza. Siku ya kuanza tena zamu, fungu la jioni la 18:30 lisirukwe. Usiku wa kwanza ndio watu wanaposinzia kwenye usukani.

Bia, lutuku na vidonge

Bia inaleta usingizi haraka na kuuvunja saa tatu baadaye, na pamoja na joto inakuamsha na kiu na kibofu. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, ni hivyohivyo kwa ukali zaidi. Vidonge kama diazepamu vinauzwa farmasi bila maswali, lakini mwili unavizoea ndani ya wiki chache, dozi inapanda, na uzito wake unabaki mpaka usiku ukiwa kazini. Na visichanganywe na pombe: pumzi inaweza kukatika. Mwone munganga (daktari) kama unakosa usingizi mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, kama unasinzia ukiendesha, au kama wenzako wanasema unakoroma kisha pumzi inasimama. Hilo la mwisho giza na feni haviliponyi.

Mvua zikija, na baridi

Kuanzia Novemba mawingu yanapunguza jua na chumba kinapoa, hivyo unaweza kurudi kwenye usingizi mmoja wa 07:30 hadi 14:00. Adui wa msimu huo ni mvua kubwa juu ya bati: bushoni zibaki karibu, na karto ya dirishani ifunikwe kwa bashi upande wa nje isilowe. Juni na Julai usiku unashuka chini ya digrii 10, na ratiba ya kufungua alfajiri isimamishwe. Jua la miezi hiyo liko upande wa kaskazini, kwa hiyo chumba cha kaskazini kilichokuwa salama Oktoba sasa kinapigwa karibu mchana kutwa. Fremu ya giza ihamie huko. Kila ukiishusha, ikung'ute na uiache nje saa moja, kwa sababu kunguni na mende wanapenda kujificha ndani ya tabaka za karto.